Silikoni na gasketi zilizogandia kwenye injini: maswali yenu

Nimeshusha sampo ya Toyota (bakuli la oili chini ya injini) iliyobandikwa kwa silikoni, ile gundi ya mpira ya kuzuia uvujaji. Nimeiloweka kwenye petroli usiku kucha, silikoni bado ipo. Dawa gani itaiyeyusha?

Petroli na thina haziyeyushi silikoni iliyokwisha kukauka. Huivimbisha tu na kuilegeza. Kwa hiyo usiitoe kwenye petroli ukaiacha juani: ikwangue ingali imevimba, kwa sababu petroli ikishapaa inarudi ngumu kama mwanzo.

Anza kwa vidole, vuta vipande virefu vitoke kama utepe. Kinachobaki kiondoe kwa kikwangulio cha plastiki, na mwisho kabisa wembe ulioulaza karibu ubapa juu ya chuma. Kwenye vijia vyembamba chonga kijiti cha mwanzi. Kinaingia mpaka pembeni na hakichubui aluminiamu. Bisibisi iweke mbali.

Utando mwembamba unaobaki ndio unaowaponza wengi. Hauonekani vizuri, lakini silikoni mpya haishiki juu ya silikoni ya zamani, na hapo ndipo oili itakapopitia. Pitisha ukucha: chuma kitupu kinateleza, penye utando ukucha unakwama kama juu ya mpira. Malizia kwa tambara safi lenye asetoni au dawa ya kusafishia breki. Usimalizie kwa petroli, huacha mafuta.

Fundi wangu anatumia grainda yenye kidude cha msasa laini. Anamaliza kusafisha hedi (kichwa cha injini) kwa dakika tano. Kuna ubaya?

Upo, tena mkubwa kuliko unavyodhani. Hedi nyingi za magari ya sasa ni aluminiamu, na aluminiamu ni laini. Mkono ukikaa sehemu moja sekunde chache tu, panachimbika kibonde. Kwa macho hutakiona, ila gasketi, kizibio kinachobanwa kati ya hedi na mwili wa injini, itakiona. Injini nyingi za magari madogo haziruhusu hedi ipinde zaidi ya 0.05 mm, ambayo ni nyembamba kuliko unywele. Weka rula ya chuma iliyonyooka juu ya hedi, kwa urefu, kwa upana na kwa mshazari, kisha jaribu kupitisha fila geji (kibati chembamba cha kupimia nafasi) ya 0.05 mm chini yake. Ikipita, angalia kikomo kwenye kitabu cha injini yako kabla ya kuipeleka kwa wachonga hedi.

Ubaya wa pili unachelewa kuonekana. Msasa huo una chembe za oksidi ya aluminiamu, ngumu kuliko chuma cha kranki, mhimili unaozunguka ndani ya injini. Vumbi lake likiingia kwenye njia za oili, linakwenda moja kwa moja kwenye beringi zinazobeba kranki. Gari linaondoka gereji likiwa zima, halafu baada ya muda mfupi injini inaanza kugonga na kila mtu analaumu oili. General Motors iliwaandikia mafundi wake kuwaonya juu ya jambo hili hili. Brashi ya waya inayozungushwa na drili nayo iache kwa aluminiamu.

Kostiki soda je? Inasafisha kila kitu.

Inasafisha na aluminiamu yenyewe. Hutafuna chuma hicho, huku ikitoa gesi ya haidrojeni inayowaka. Usitumie.

Gasketi ya hedi imeacha mabaki meusi magumu kwenye bloku (mwili wa injini). Nimenunua dawa ya kupuliza ya kuondolea gasketi. Nianzeje?

Kwanza ziba. Sukumia matambara ndani ya silinda na kwenye njia za maji na za oili, na uyahesabu, ili uyatoe yote. Puliza dawa juu ya mabaki tu, subiri dakika 10 hadi 15, kisha kwangua. Palipogoma rudia, usiongeze nguvu za mkono. Baadhi ya dawa hizi, hasa zile kali za zamani, zina dikloromethani: inaunguza ngozi, na mvuke wake ukivutwa hugeuka kaboni monoksaidi mwilini. Vaa glovu na miwani, fanyia kazi nje. Isiguse rangi, sili za mpira wala plastiki.

Halafu safisha matundu ya boliti kwa hewa ya kompresa, hasa yale yasiyotokeza upande wa pili. Oili au maji yakibaki chini, boliti inapokazwa hayana pa kwenda, na bloku hupasuka.

Gasketi ya karatasi ya kava la klachi la pikipiki ya Boxer imenata nusu huku, nusu kule.

Ilowanishe kwa thina nusu saa, kisha wembe. Ikiwa ni injini kuukuu sana, gasketi inaweza kuwa na asbesto: ikwangue ikiwa imelowa, usiipige msasa mkavu wala kuipuliza kwa hewa.

Nikishasafisha sampo, nipake silikoni kiasi gani?

Kidogo kuliko unavyotaka. Mstari mmoja usiokatika, unene wa 2 hadi 3 mm, upite upande wa ndani wa matundu ya boliti. Inayozidi haitokezi nje tu; nyingine hubanwa kwenda ndani, hukatika, na kuziba chujio la pampu ya oili. Maelekezo ya Toyota kwa sampo nyingi ni kuifunga ndani ya dakika 3 tangu kupaka, boliti zote ziwe zimekazwa ndani ya dakika 15, na injini isiwashwe kabla ya saa 2 kupita. Ukiweza, iache ilale mpaka kesho yake, kwa kuwa silikoni hukauka kwa unyevu wa hewa, kuanzia nje kwenda ndani.