Plota haisomi alama? Angalia mwanga kwanza kabla hujamwita fundi

Jamani wenzangu wa stika, plota ninayosema ni ile mashine ya kukata stika, na alama ni vile vidoa vyeusi vinavyoprintiwa pembeni ya kazi ili mashine ijue pa kukata. Hili naliandika kwa sababu lilinila siku tatu nzima na stika nyingi tu ya kutupa, sitaki limkute mwingine.

Ofisi yangu ipo Mwanjelwa hapa Mbeya, mlango unatazama mashariki. Mwezi wa sita nikapata oda ya lebo za mviringo za mchele wa Kyela, nikaprinti safi kabisa, nikapiga laminesheni ya kung'aa (ile plastiki ya kufunika printi) maana mama mwenye mchele ndo alitaka hivyo, nikaweka kwenye plota ikate. Kichwa kinasogea, kale kataa kekundu kanawaka, kanapita juu ya alama ya kwanza, kanarudi, kanapita tena, halafu eror. Asubuhi nzima hivyohivyo. Mchana najaribu inakubali, kesho yake asubuhi imegoma tena. Fundi akaja akasema sensa, yaani lile jicho linalosoma alama, imekufa ninunue nyingine, na mi nilishaanza kutafuta hela.

Siku ya tatu dada wa maandazi kaja kasimama mlangoni ananihesabia chenji, kivuli chake kikaangukia plota, na palepale mashine ikasoma alama zote nne ikaanza kukata. Aisee nilimwomba asiondoke kwanza!

Lile jicho halijui alama wala nini, linachojua ni mwanga tu. Linamulika, sehemu nyeupe inarudisha mwanga mwingi, nyeusi inarudisha kidogo, hiyo tofauti ndo linaiita alama. Sasa jua la asubuhi likipiga pale, na juu yake kuna laminesheni inayong'aa kama kioo, hata nyeusi nayo inarudisha mwanga, jicho linachanganyikiwa. Sensa yangu ilikuwa nzima kabisa. Siku hizi nina boksi la katoni nafunika upande wa mlangoni, na kazi ikiwa ya kung'aa nabandika juu ya kila alama kipande cha selotepu ile ya ukungu, isiyong'aa, ile unayoweza kuandika juu yake kwa peni. Inasoma bila shida.

Alama zenyewe printi kwa nyeusi tupu, sio kijivu wala bluu iliyokolea, chini yake pawe peupe, na usijaze picha karibu nazo maana jicho litashika ua la kwenye lebo lidhani ndo alama.

Ila kuna tatizo lingine watu wanalichanganya na hili, yaani mashine inasoma vizuri lakini kisu kinakata pembeni. Hapo usiguse mwanga, chukua rula upime. Kama imehama kiasi kilekile upande uleule kila lebo, mfano milimita 2 kushoto kuanzia ya kwanza mpaka ya mwisho, basi ni ule umbali kati ya jicho na kisu, ingia kwenye setingi za plota urekebishe. Kama lebo ya kwanza iko sawa halafu inazidi kuhama kadri unavyoenda, hapo kuna mawili, ama roli ya stika imeingia mshazari au inateleza kwenye vile vigurudumu vya kubana, ama faili limeprintiwa kwa saizi nyingine. Hili la saizi linauma sana, programu ya kuprinti inapunguza picha ili ienee kwenye karatasi bila kukwambia, we unajua ni asilimia 100 kumbe ni 98. Pima umbali wa alama mpaka alama kwenye stika, linganisha na kwenye kompyuta, jibu unalipata hapohapo. Na tumia alama nne, sio mbili, plota ikizijua nne inaweza kufidia mshazari kidogo.

Na huku kwetu nyanda za juu wino wa solventi, ule unaokauka kwa kemikali yake kuruka hewani, usiukimbize, hasa baridi ya mwezi wa sita na wa saba. Mi nalaza printi saa 24 ndo napiga laminesheni, nikiharakisha kingo zinajikunja juu, alama inanyanyuka na jicho linaipoteza.

Kabla ya kukata kazi ya mteja, printi kwenye karatasi ya kawaida, toa kisu weka peni, iache ichore. Mstari wa peni ukipita juu ya mstari wa lebo, rudisha kisu uendelee.