Nani hupanga mikrotubuli hamira ikigawanyika?

Dadangu, umeuliza nani hupanga mikrotubuli (vijirija vyembamba sana vya ndani ya seli) seli ya hamira inapogawanyika. Ni protini, na zimo hata kwenye hamira hii tunayoumulia mahamri hapa Mombasa. Mikrotubuli huota kutoka ncha mbili zilizopachikwa kwenye utando wa kiini, ambao kwa hamira haupasuki kabisa. Zikikutana katikati, protini iitwayo Ase1 huzifunga pamoja, hasa zile zinazoelekeana kinyume. Uhondo wote uko hapo! Protini nyingine, Cin8, nayo hushika mikrotubuli mbili kwa wakati mmoja, inatembea juu ya zote mbili na kuzisukuma zipishane, ncha zikaachana. Kromosomu, yaani nyuzi zinazobeba jeni, ni 16, na kila nakala huvutwa na mikrotubuli moja tu. Ukiiondoa Ase1, mhimili huo wa mikrotubuli kati ya ncha mbili hukatika kabla ya wakati.