Leza ya Baka la Usoni: Uliza Muda wa Mpigo Kabla ya Bei

Kabla ya kulipa amana kwenye kliniki yoyote ya Nakuru au Kisumu, daktari wa ngozi akuambie jambo moja: rangi ya baka lako imekaa kina gani?

Baka la kahawia lenye kingo wazi lina rangi ya juu juu. Hilo ndilo huhadaa watu. Likipigwa leza hufifia upesi, kisha baada ya miezi hurudi, pengine jeusi kuliko mwanzo. Mtoto akiwa na mabaka sita au zaidi ya aina hiyo mwilini, kila moja likizidi milimita 5, sahau leza kwanza. Achunguzwe na daktari wa watoto, maana huenda ni dalili ya ugonjwa wa kurithi wa neva.

Baka la kijivu au samawati linalozunguka jicho upande mmoja huitwa nevasi ya Ota. Rangi yake imezama ndani, kwa hiyo krimu za kujichubua zitaharibu ngozi ya juu tu bila kuligusa. Hili ndilo leza hulifaa zaidi.

Doa lililoinuka au lenye nywele lisipigwe leza kabla ya daktari kulichunguza. Leza hupausha juu, chembe zikabaki chini, na saratani ikianza inakuwa vigumu kuiona.

Sasa mashine. Namba ya nanomita ni urefu wa wimbi la mwanga wa leza. Mwanga wa nanomita 532 huishia juu. Leza za rubi ya 694 na aleksandraiti ya 755 hunyonywa sana na melanini, yaani rangi ya ngozi, na sisi wenye ngozi nyeusi melanini tunayo kila mahali, si kwenye baka pekee. Matokeo yake ni malengelenge na madoa meupe. Leza iitwayo Nd:YAG ya 1064 hunyonywa kidogo na hupenya ndani, ndiyo maana huchaguliwa kwa ngozi nyeusi.

Lakini namba 1064 peke yake haitoshi, na hapa ndipo wengi huumia. Mashine ya kuondoa nywele nayo huwa 1064, ila mpigo wake, yaani muda ambao mwanga huwaka kila mara, ni wa milisekunde (elfu ya sekunde): joto hupata muda wa kusambaa na kuunguza ngozi. Punje ya rangi huvunjwa kwa mpigo mfupi mno wa nanosekunde (bilioni ya sekunde; kwenye mashine huandikwa Q-switched) au pikosekunde, fupi zaidi ya hapo. Pikosekunde huweza kupunguza idadi ya vipindi, lakini ni ghali, na ile ya 755 bado tungeiogopa kuliko nanosekunde ya 1064. Mashine ya mmweko, IPL, si leza kamwe. Ikatae.

Dai jaribio sehemu ndogo karibu na sikio, kisha usubiri wiki 6 hadi 8. Siku ya tiba, krimu ya ganzi hukaa kama saa moja. Kope zikipigwa, lazima ngao ya chuma iingizwe chini yake baada ya matone ya ganzi. Miwani ya nje haikingi kitu hapo. Ngozi ikipauka papo hapo, nguvu inatosha. Ikitoka damu, imezidi.

Paka vaselini, usibandue gamba. Vipindi viachane miezi 2 hadi 3, kwani mwili huendelea kuzoa rangi iliyovunjwa. Anayekuita kila wiki mbili anaharakisha pesa yake. Weusi ukijitokeza baada ya wiki chache, subiri ufifie. Kuongeza nguvu ni kuuchochea.

Jua la huku halina likizo. Ikweta inapita Maseno, na Nakuru iko zaidi ya mita 1,800 juu ya bahari, hivyo mawingu ya Julai yasikudanganye. Mafuta ya kukinga jua, SPF 30 au zaidi, yapakwe upya kila saa 2 ukiwa nje, pamoja na kofia pana. Kofia ya boda haihesabiki.

Mwenye nevasi ya Ota apimwe presha ya macho kila mwaka, hata baka likishafutika: leza haifiki kwenye rangi iliyo ndani ya jicho.