Usiandike "haipendezi": kwa wanaoanza kazi ya vibali vya minara midogo

Mara ya kwanza kukataa ombi la mtambo wa simu barabarani, sababu niliyoandika ilikuwa neno moja: "haipendezi." Nilikuwa na miezi miwili kazini, kwenye meza ya vibali ya mji mdogo wa pwani ya California, na sikuona la kuongeza. Nguzo ya taa iko juu kilimani, mtaa unateremka mpaka baharini, na kampuni inataka kutundika sanduku la kijivu na antena. Nani haoni? Mwanasheria wa mji alinirudishia karatasi kabla ya saa sita mchana. Neno langu kalizungushia wino mwekundu, na pembeni kaandika: "Nini hakipendezi? Kwa nani? Akiwa amesimama wapi?"

Wadogo zangu mnaoanza kazi hii huku Marekani, maswali hayo matatu ndiyo kazi yenyewe. Mengine ni tarehe na vipimo. Na mlioajiriwa upande wa pili, kwa makandarasi wanaoandaa maombi, someni pia. Mtajua kwa nini karatasi zenu zinarudi.

Kwanza liondoeni kichwani neno "midogo". FCC, tume ya serikali kuu inayosimamia mawasiliano, inauita mtambo mdogo ikiwa kila antena haizidi futi za ujazo 3, na vifaa vingine vyote kwa pamoja havizidi futi za ujazo 28. Namba hizo hazisemi kitu mpaka uzigeuze. Futi za ujazo 3 ni kama lita 85, yaani ndoo nne za maji na ushei. Futi za ujazo 28 ni karibu lita 800: mapipa manne ya mafuta. Sasa yatundike mapipa manne kwenye nguzo ya taa ya chuma cha kusubu, mbele ya nyumba ya mbao ya miaka mia moja, halafu uniambie ni kitu kidogo. Kweli, maombi mengi huwa chini ya hapo, ila mwisho wa ruhusa ndio huo. Tena mitambo hii haiji mmoja mmoja. Mawimbi ya masafa ya juu hayafiki mbali na kuta huyashinda, kwa hiyo antena hupangwa karibu karibu. Nguzo ya kwanza ukiipitisha ovyo, mwombaji wa pili atakuja na picha yake mkononi.

Siku ile mwanasheria hakunifundishia ofisini. Alibadili viatu, akachukua tepu, tukapanda kilima. Akanisimamisha kwenye kituo cha basi, akaniuliza naona nini. Nikasema bahari. Akasema, "Hapana, angalia vizuri." Nikaangalia. Sikuwa naiona bahari yote. Nilikuwa naona kipande tu, kati ya mapaa mawili, upana wake kama mlango. Nguzo ilikuwa imesimama ukingoni mwa ule mlango. Sanduku lingening'inia hapo hapo, na kwa kila anayengoja basi lingekula nusu ya bahari. Tukashuka hatua tano. Sanduku lile lile sasa lingeangukia kwenye ukuta mtupu wa gereji, na wala mtu asingegeuka kulitazama.

Niliporudi niliandika sentensi nyingine: kituo gani, uwazi gani, kimo gani kutoka ardhini, na sanduku lingeziba sehemu gani. "Haipendezi" haikurudi tena kwenye karatasi zangu.

Sheria inaipa nguvu sentensi ya namna hiyo, na kesi ya kuijua ni ya San Francisco. Mwaka 2011 jiji lile lilitunga kanuni ya kutaka mitambo ya barabarani ipimwe pia kwa sura yake. Kampuni tatu zikiongozwa na T-Mobile West zikaenda mahakamani. Hoja yao ilitoka kwenye sheria ya jimbo yenye mizizi karne ya 19, enzi za telegrafu, inayozipa kampuni haki ya kupitisha nyaya na nguzo barabarani mradi zisiusumbue umma katika matumizi ya barabara. Wakasema kusumbua maana yake ni kuzuia njia tu. Kama watu na magari wanapita, jiji halina la kusema. Tarehe 4 Aprili 2019 Mahakama ya Juu ya California ikakataa kwa kauli moja. Barabara haitumiki kupitia tu, na mji una mamlaka yake ya kulinda sura ya mitaa.

Ninachokipenda zaidi katika kanuni ile si ushindi. Ni kwamba hawakuandika "tunalinda uzuri" wakaishia hapo. Walitaja maeneo ya kihistoria, na wakataja mitaa ambayo mpango mkuu wa jiji ulikuwa umeshaipa daraja la mandhari nzuri au bora sana. Yaani mtaa ulikuwa na sifa hiyo kwenye maandishi kabla mwombaji hajabisha hodi. Kama mji wako hauna orodha ya namna hiyo, hiyo ndiyo kazi ya wiki zako za kwanza: ianze kabla ya kufungua ombi lolote.

Kuna na upande wa serikali kuu. Mwaka 2018 FCC iliamua kwamba masharti ya sura yawe ya busara, yasizidi yale wanayowekewa wengine wenye miundombinu, yapimike bila kutegemea macho ya mtu, na yachapishwe mapema. Miji mingi ikashitaki, na mwezi Agosti 2020 mahakama ya rufaa ya mzunguko wa tisa, ile ya serikali kuu kwa majimbo ya magharibi, katika kesi ya jiji la Portland, ikalitupa sharti la pili na la tatu. La busara na la kuchapisha mapema yakabaki. Ushauri wangu: andika kana kwamba la kupimika nalo bado lipo. "Rangi ilingane na nguzo, nyaya zipite ndani, sanduku lisianze chini ya futi kadhaa" ni sharti ambalo fundi analielewa. "Uendane na haiba ya mtaa" ni sharti ambalo kila mtu atalielewa kivyake, na jaji pia.

Mimi nimekulia Mji Mkongwe, Zanzibar, uliotiwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000. Utotoni sikuwahi kuziona nyaya zinazokatiza mbele ya milango ya nakshi wala madishi juu ya mapaa. Yalikuwepo, lakini jicho lilishazoea. Niliyaona nilipokwenda likizo, baada ya miaka kadhaa ya kazi hii, na siku hizo hata baraza sikukaa kwa raha. Kwa hiyo usiliamini jicho lako kwenye mtaa unaopita kila siku. Piga picha, kaitazame ofisini.

Na ukiletewa picha za kuigiza, zile zinazoonyesha mtambo kama utakavyokuwa, uliza kwanza mpiga picha alisimama wapi na kwa lenzi gani. Nimeletewa picha zilizopigwa kutoka ng'ambo ya barabara kwa lenzi pana, sanduku likaonekana kama kiberiti. Dai picha ya kutoka njia ya miguu, urefu wa macho ya mtu.

Sasa siku. Nguzo iliyopo, una siku 60 kuamua. Nguzo mpya, siku 90. Hizi ni siku za kalenda. Ombi likiwa pungufu, mjulishe mwombaji kwa maandishi ndani ya siku 10, ueleze kinachokosekana. Akileta, hesabu inaanza upya. Mimi nilipokea ombi lisilo na mchoro wa ubavuni wa nguzo, ikaingia sikukuu ya Shukrani, nikahesabu siku za kazi kama mtu aliyelala. Barua yangu ikatoka siku ya 12. Hesabu haikuanza upya, na huku California sheria ya jimbo inaweza kulifanya ombi lililocheleweshwa lihesabike limekubaliwa. Wiki zile nilikuwa natoka ofisini usiku. Tangu hapo ombi likipigwa muhuri, tarehe ya siku ya kumi naiandika kwa kalamu nene juu ya jalada, kabla sijasoma hata jina la mtaa.

Sababu za kukataa ziwe tayari siku barua inapotoka. Roswell, mji wa Georgia, ulikataa mnara wa futi 108 uliojificha kama msonobari. Barua ya kukataa haikuwa na sababu. Muhtasari wa kikao wenye sababu ulitoka siku 26 baadaye. Januari 2015 Mahakama ya Juu ya Marekani ikasema sababu si lazima ziwe ndani ya barua, ila zitoke kwa maandishi karibu wakati ule ule. Mji ukashindwa. (Kuhusu misonobari ya plastiki sina la kusema, nendeni mkaitazame wenyewe.)

Watakuja pia wananchi wenye hofu ya mionzi. Wapokee kwa heshima, uwasikilize mpaka mwisho. Lakini tangu 1996 sheria ya serikali kuu inakukataza kuukataa mtambo kwa sababu hiyo kama umetimiza viwango vya FCC. Ukiichomeka kwenye uamuzi, hata kwa mstari mmoja, umempa wakili wa kampuni mlango. Mama mmoja aliwahi kuniambia, "Kwa hiyo nimekuja bure?" Nilimwomba anionyeshe mtambo ungekaa wapi akiwa dirishani kwake. Maelezo yake ya dirisha yaliingia kwenye faili.

Jambo ambalo wageni wengi hulisahau ni kesho ya kibali. Kwa sheria ya 2012, mtambo ukishawekwa, kampuni inaweza kuuongeza na wewe huna budi kukubali, mradi mabadiliko si makubwa. Barabarani, nyongeza ya kimo ya asilimia 10 au futi 10, ipi iliyo kubwa, bado haihesabiki kubwa. Futi 10 ni mita 3, juu ya nguzo ya taa ya zamani! Kinga yako ni kuandika ndani ya kibali cha kwanza kwamba kifuniko, rangi na umbo ni sehemu ya kuuficha mtambo, kwa sababu nyongeza inayoharibu maficho hayo unaweza kuikataa. Usipoandika, hakuna maficho.

Ada nitazipita haraka: FCC haina ugomvi na dola 500 kwa ombi la mitambo isiyozidi mitano na dola 270 kwa mwaka kwa kila mtambo. Ukitaka zaidi, uthibitishe gharama.

Ukiwa na barabara kuu ya mandhari, angalia pia sheria ya jimbo. California inataka nyaya mpya za umeme na mawasiliano ndani ya futi 1,000 za barabara zilizotangazwa rasmi, kama ile Namba 1 inayopita Big Sur, zifukiwe ardhini panapowezekana ikiwa zingeonekana kutoka barabarani. Antena huwezi kuifukia, lakini waya unaoilisha unaweza. Na mwaka 2018 FCC ilipojaribu kuiondoa mitambo midogo kwenye ukaguzi wa shirikisho wa mali za kihistoria, mahakama ya rufaa ya Washington iliutengua uamuzi huo Agosti 2019, katika kesi ya United Keetoowah, kundi la Wacherokee, wenyeji asilia wa Marekani. Kwa hiyo muulize mwombaji ukaguzi wake umefikia wapi.

Ile nguzo ya kilimani? Hatukuishia kukataa. Ukisema si hapa, uwe unajua ni wapi, maana mji unaofunga kila njia ya huduma nao hushindwa mahakamani. Tulimpa mwombaji nguzo ya pili kuteremka, mbele ya ule ukuta wa gereji. Mhandisi wao alipima mawimbi siku mbili, akasema inatosha. Sanduku lipo mpaka leo, limepakwa kijani cha nguzo, na likipata jua la mchana feni yake inavuma kidogo. Mwenye gereji keshanipigia simu mara mbili kuhusu hiyo feni, na kwenye masharti yangu ya wakati ule sikuwa nimeandika neno lolote juu ya kelele.