Umerudi safari, homa imeanza: ni hali ya hewa?

Shikamoo daktari. Nimekulia Ifakara, sasa ni mwaka wa saba niko Njombe. Mwezi wa nne nilishuka msibani, nikarudi mzima. Wiki mbili baadaye homa, kichwa, natetemeka. Majirani wanasema ni baridi ya huku.

Marahaba. Baridi inasingiziwa. Vimelea vya malaria hukaa kwanza kwenye ini bila kelele, ndipo homa inatokea, kwa kawaida kuanzia siku ya 7 hadi mwezi mmoja baada ya kuumwa na mbu. Hesabu yako inaangukia hapo hapo. Na ulishuka masika, Bonde la Kilombero limejaa maji, tena msibani, ambako watu hulala uani kwenye mkeka hadi alfajiri na mbu wanajihudumia.

Usitegemee kwamba umekulia kule. Kinga ile ilitokana na kuambukizwa mara kwa mara. Ukihama miaka kadhaa inapungua, na malaria inaweza kukupanda haraka kama mgeni yeyote. Kapime leo. Useme mwenyewe kwamba ulikuwa Ifakara na lini, kwa sababu Njombe malaria ni chache, na usiposema utaanziwa dawa za UTI (maambukizi ya njia ya mkojo) na taifodi. Ukikutwa nayo na ukaandikiwa dawa ya mseto, meza dozi zote 6 kwa siku 3, pamoja na chakula chenye mafuta kidogo. Chai ya rangi peke yake haitoshi.

Kila nikitoka Dar kwenda Arusha mwezi wa saba napata mafua. Nimeze azuma?

Hapana. Mafua ni virusi, azuma ni dawa ya bakteria, haivigusi. Uliyapata pengine kwenye basi lililofungwa vioo kutwa nzima, yakaonekana siku moja hadi tatu baadaye. Kunywa maji, pumzika.

Nilikwenda Dar wakati wa mvua. Nimerudi Dodoma na homa, viungo na nyuma ya macho vinauma. Malaria hakuna. Rafiki ananiambia nichome diklofenaki.

Mwambie asubiri. Inaweza kuwa dengue, iliyowahi kulipuka Dar mwaka 2014 na 2019. Mbu wake huuma mchana, kwa hiyo chandarua cha usiku hakikutoshi, na dalili huja siku 4 hadi 10 baadaye. Diklofenaki, aspirini na ibuprofeni zinaweza kuongeza hatari ya kuvuja damu. Tumia panadol kwa kipimo chake, kisha ukapimwe. Kuwa macho zaidi homa inaposhuka, wakati wengi wanadhani wamepona. Tumbo likiuma sana, ukitapika mfululizo au fizi zikitoa damu, wahi hospitali hata kama ni usiku.

Mwanangu ana pumu, tunakwenda Mbeya mwezi wa sita.

Dawa yake ya kuvuta ikae kwenye mkoba wako, si kwenye buti la basi.