Nyumba ya miezi miwili Kisumu, bila gari

Kwa miezi miwili bila gari, anza na Milimani, upande unaokaribia katikati ya mji. Maduka na hospitali unafika kwa miguu. Mtaa wa Tom Mboya pia ni pazuri. Riat usihangaike nako: mandhari ni ya kuvutia kweli, lakini ni mlimani, na kila mkate utaufuata kwa boda.

Usitume hata shilingi ya "kuonyeshwa nyumba" kabla hujafika. Matapeli huiba picha za nyumba za watu, wakaweka bei ya chini, kisha wakadai M-Pesa haraka kwa kuwa eti kuna mwingine anayeitaka. Lala gesti usiku mmoja, uzunguke mchana na jioni, uwaulize walinzi wa mageti. Wao hujua iliyo wazi kabla haijatangazwa.

Ukiingia, fungua bomba la jikoni na la bafuni kwa pamoja, kisha uliza tangi ni la lita ngapi na linahudumia nyumba ngapi. Mfereji ukikauka, hilo tangi ndilo maji yako. Stima: nunua tokeni ya shilingi mia mbele ya mwenye nyumba. Mita ikiwa na deni la zamani, sehemu ya pesa itakatwa na utaona unit chache. Kagua wavu wa madirisha, maana karibu na ziwa mbu hawana mchezo.

Bei ya usiku usiikubali. Omba ya mwezi, na tarehe ya kurudishiwa dipoziti iandikwe.