Kuhamia Wete kwa mshahara ule ule

Waalaykum salaam dada. Umeuliza kama mshahara wa ualimu usiofika mwisho wa mwezi hapo Mwanakwerekwe, Unguja, utatosha ukihamishiwa Wete, Pemba.

Kwa kodi ya nyumba utapumua. Pemba watalii ni wachache, hakuna wa kukupandishia bei kama huku Unguja. Ila kabla hujalipa fungua bomba mwenyewe uone kama maji yanatoka, tena iwe jioni, usiridhike na maneno ya dalali.

Samaki, muhogo na ndizi utapata kwa nafuu, hasa ukiwahi soko la samaki la Tumbe vyombo vya wavuvi vinaporudi. Mchele, unga na sukari vinavuka bahari, kwa hiyo huko usitarajie unafuu. Umeme ni ZECO hao hao, shirika la umeme la Zanzibar, na Tukuza ile ile ya kulipia kabla.

Kitakachokumaliza ni boti. Ukiwaacha watoto Unguja, kila likizo fupi ni nauli, gari ya Wete mpaka bandarini Mkoani, na kapu la zawadi juu yake (mikono mitupu huwezi kurudi, mawifi unawajua). Mimi ningehama na watoto wote, au ningeomba nibakishwe. Nyumba lipia miezi mitatu kwanza, mwaka mzima usikubali.